Farasi wa Sikio Moja

9 Januari

Kaka,

Shikamoo. Natumaini u mzima, wewe na huo mgongo wako. Huku hatujambo, tunasukuma siku. Mama ndiye aliyeniagiza niandike, kwa hiyo usije ukadhani nimeanza kukubembeleza. Uliapa kwamba hutaki kuisikia tena sauti yangu, na kiapo chako nimekiheshimu miaka kumi na minne. Simu sikupigii. Lakini barua haina sauti.

Mama ana presha ya macho. Jicho la kushoto lilishakwenda, sisi tukidhani ni uzee tu, na la kulia liko njiani. Daktari ametupa dawa ya matone, akasema kazi yake ni kuchelewesha. Kilichokwisha kupotea hakirudi, na kilichobaki ni cha miezi. Tulipotoka hospitali nikamuuliza kama kuna kitu angependa kukiona. Nilitegemea atakutaja wewe. Akasema, "Yule haji kwa kuitwa. Nitafutie ile picha ya Kofia, niione mpaka mwisho."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Hebu kumbuka. Enzi za banda letu la video wewe ulikuwa chumba cha nyuma na deki na jenereta, mimi mbele na kipaza sauti nikiwatafsiria watu, na Mama mlangoni akichana tiketi. Picha ikikaribia kwisha ilimbidi atoke nje akaondoe lile komeo la chuma na kuuvuta mlango, maana watu wetu walikuwa wakitoka kwa pamoja kama wanafukuzwa na nyuki. Kwa hiyo miaka tisa, kila Jumamosi na Jumapili, ameiona Kofia kipande kipande, na mwisho wake hajauona hata siku moja. Anachojua ni kwamba Kofia anasukumwa mtoni na watu wanapiga kelele. Anataka kujua kama alizama.

Nimemwambia stelingi hafi, hilo hata mtoto analijua. Akanijibu kwamba mimi ni mwongo, wewe ulishasema, tena mbele ya watu.

Kanda zetu zote mbili, ya nusu ya kwanza na ya nusu ya pili, zilishakufa. Moja ilitafunwa na deki, nyingine imeota kuvu. Wewe uko kwenye ghala la mitumba, na ulimwandikia Mama kwamba filamu za zamani zinaletwa hapo kwa masanduku. Itafute ya kwetu. Fanya haraka, tafadhali.

Mdogo wako


2 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Mimi mzima, mgongo ndio huo huo. Habari ya macho ya Mama imenikata maini. Mpe pole nyingi, na mwambie matone asiruke hata siku moja.

Sasa sikiliza. Unaniambia nitafute filamu ya kauboi mwenye kofia. Wote wana kofia! Leo nimesimama mbele ya masanduku saba, vitu vya mzee mmoja aliyehamia nyumba ya wazee, na kila jalada lina mwanamume, kofia na farasi. Jina la filamu hulijui. Jina la mwigizaji hulijui. Ulikuwa ukitafsiri lugha ambayo hata salamu yake huijui, kwa hiyo sishangai, ila sasa yanatutokea puani. Hilo jina la Kofia ulilitunga wewe, jambazi wake ukamwita Ndevu kwa sababu ana ndevu, na sijui mangapi mengine uliyapika.

Filamu hizi zilitengenezwa kwa haraka na kwa vijisenti. Mto ule ule, kibanda kile kile na mzee yule yule mlevi wanatumika filamu kumi. Bila alama nitazeekea hapa. Nipe kitu ambacho filamu nyingine haina.

Nimeweka diski moja humu. Ina mto. Huenda ndiyo.

Na usifikiri nimesahau yale. Hii ni kwa ajili ya Mama.

Kaka yako


27 Februari

Kaka,

Shikamoo. Hatujambo. Diski yako imefika salama, tusio salama ni sisi.

Niliazima deki kwa jirani. Mama akaoga, akavaa gauni lake la bluu, akakaa. Deki ikameza diski, ikanguruma, ikaandika maneno kwenye kioo. Nikamwita mwalimu aje anisomee. Namsema mwalimu yule yule, ndiyo, aliyesimama bandani siku ile akatangaza kwamba tunaionyesha picha kichwa chini miguu juu, mwisho kabla ya mwanzo, wewe ukatoka chumba cha nyuma, ukanipokonya kipaza sauti, ukaniita mwongo niliyeiharibu kazi yako. Sasa amestaafu na namnyoa kila wiki mbili. Akavaa miwani, akasoma, akasema deki inasema diski hii si ya eneo hili. Nikamwambia aisome tena. Akaisoma tena. Kumbe siku hizi filamu nayo inaomba kibali cha kusafiri! Sisi tulidhani kauboi ni mtu huru.

Mama akaenda kulivua gauni la bluu.

Umetaka alama. Ipo, tena kubwa, na hata Mama anaikumbuka. Farasi wa Kofia ana sikio moja. Ni la kulia tu, la kushoto halipo kabisa. Nilikuwa nawaambia watu kwamba liling'oka kwa risasi siku alipomkinga bwana wake, na akina mama walikuwa wakilia. Duniani hakuna filamu nyingine yenye farasi wa sikio moja. Achana na kofia, tafuta sikio.

Mdogo wako


18 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Natumaini nyote wazima. Mimi sijui kama ni mzima.

Nimekagua farasi. Mwezi mzima sasa, nikimaliza kupanga vyombo na mashati ya watu kwenye rafu, nakaa kwenye kona ya ghala palipo na televisheni ya kujaribia mashine, natazama masikio. Wenzangu wameanza kuniita Daktari wa Mifugo. Nimemwona kauboi akipigwa risasi juu ya paa akaanguka, na baada ya dakika tano ni yeye yule yule, amebadilishwa kizibao, anaanguka tena. Nimeuona mlima ukitikiswa na upepo, maana umechorwa kwenye turubai. Nimeona mchana ukiitwa usiku kwa sababu tu mtu ameshika taa. Farasi wa sikio moja sijamwona. Wote wana mawili, mdogo wangu. Mawili, mawili, mawili. Nikifumba macho nayaona.

Una hakika? Isije ikawa na hilo nalo ni la kwako.

Nimekutumia diski mbili zinazokubali deki yoyote. Moja ina filamu kumi na mbili ndani yake, nyingine wameitia rangi. Zote mbili zina mto na treni. Mwache Mama achague.

Kaka yako


12 Mei

Kaka,

Shikamoo. Natumaini wenzako bado wanakuheshimu.

Aliyebana filamu kumi na mbili kwenye diski moja, ukimpa kitanda kimoja atalaza ukoo mzima. Picha imekatikakatika vipande kama sakafu ya vigae. Mtu akikimbia anauacha uso wake nyuma, halafu uso unamfuata. Mdomo unafunga, ndipo sauti inatoka. Tena televisheni ya jirani ni ile pana, ikaivuta picha huku na huku mpaka kila mtu akawa mnene, na farasi wakawa wafupi wa miguu na warefu wa kiwiliwili. Mama akauliza, "Hao wamepanda nini, mabenchi?" Tukaangalia filamu ya tano, ya sita, ya saba. Ya nane ilikuwa ni ya tatu tena, imepewa jina jingine.

Hiyo ya rangi ndiyo imenimaliza. Nani aliwatuma waitie rangi? Nyasi za bluu, ng'ombe wa zambarau, na stelingi ana midomo myekundu. Mama akasogea mpaka pua ikagusa kioo, akasema, "Huyu si Kofia. Huyu ni bi harusi." Akacheka sana. Kwa hilo tu nakushukuru.

Na sikio si la kwangu! Waliliona watu mia mbili kila wiki kwa miaka tisa. Nilichoongeza ni risasi tu.

Kaka, acha nikwambie jingine. Jana Mama alimimina chai pembeni ya kikombe, mezani, na akaendelea kumimina. Nilipokuwa nafuta meza nililia, na nakwambia wewe kwa sababu huwezi kunisikia. Muda unakwisha. Endelea na masikio.

Mdogo wako


30 Juni

Mdogo wangu,

Hujambo? Mama hajambo? Saluni haijambo? Nimeshauliza, sasa nikae niseme.

Nimeipata. Na sikuipata kwa macho. Jumapili nilikuwa naosha vyombo, mgongo nimeipa televisheni, diski mojawapo ya yule mzee wa masanduku inajiendea. Mara nikasikia filimbi ya treni, risasi tatu, mbwa anabweka, halafu mwanamke anaita. Sahani ikaniponyoka. Nyie mliiona ile picha, mimi niliisikia miaka tisa nimeinamia jenereta. Naijua kama ninavyoujua mlio wa mlango wetu.

Ni diski ya juzijuzi, wameisafisha upya, inang'aa mpaka inaudhi. Kofia amevaa saa ya mkononi. Kauboi, saa ya mkononi! Pale ng'ombe wanapoibwa kuna alama za matairi ya gari mchangani. Na farasi, mdogo wangu, farasi ana masikio mawili. Moja jeusi, moja jeupe. Kanda yetu ilivyokuwa imepauka, lile jeupe lilimezwa na mbingu, basi, nanyi mkamfanya kiwete wa masikio. Diski hii hii niliishika mwezi wa nne. Niliitazama dakika mbili, nikahesabu masikio mawili, nikairudisha sandukuni. Ningekuwa karibu ningekufinya.

Lakini si hilo lililonikasirisha. Safari hii nilikaa kwenye kiti kama mteja, nikaitazama yote. Kofia anaondoka kwao, anamwacha mama yake mlangoni. Ndevu anaiba ng'ombe. Kofia anamfukuza, anasukumwa mtoni. Anatoka mtoni amelowa, anamkuta Ndevu kwenye treni, anampiga risasi, Ndevu anakufa. Kofia anarudi nyumbani na mama yake yuko mlangoni. Mwisho.

Pacha yuko wapi? Pacha wa Ndevu, aliyekuja kulipiza kisasi, aliyewajaza watu bandani miaka tisa, yuko wapi? Hakuna pacha! Sisi tulianza na Kofia akitoka mtoni, tukamuua Ndevu, halafu wewe ukaleta pacha, tukamalizia na Kofia akiingia mtoni. Mwalimu alisema kweli. Ulizigeuza kanda zangu ili upate la kusema, na mimi nilikuwa nyuma, nimejaa mafuta ya jenereta, naamini nafanya kazi ya maana.

Diski ninayo hapa mezani. Nitaituma siku utakapoandika kwa mkono wako kwamba ulizigeuza, na kwa nini. Nimesubiri miaka kumi na minne, nina haki ya kujua.

Kaka yako


24 Julai

Kaka,

Leo shikamoo sikupi, utanisamehe. Ndani ya bahasha kuna kipande cha jalada la kanda. Kisome kabla hujaendelea.

Umekisoma? Mwandiko huo wa wino mwekundu ni wa nani? Hiyo "1" uliyoipigia mstari mara mbili ni ya nani? Hilo ndilo jalada la kanda ya Kofia anayetoka mtoni, yaani nusu ya mwisho. Uliiandika wewe, ukapitisha utepe wa gundi juu yake isifutike, na ukatukataza sote kugusa kanda zako. Niligusa ipi?

Siku ya kwanza banda lilifurika. Nikawatafsiria, Ndevu akafa, Kofia akafika kwao, nikajua nusu ya kwanza imeisha vizuri kuliko ilivyo kawaida. Ukaweka ya pili. Yakapita majina ya waigizaji, nikasema hiyo ni orodha ya wanaotafutwa na polisi, watu wakapiga makofi. Halafu Ndevu akatokea, mzima, yuko juu ya farasi, anacheka. Banda zima likanigeukia. Nilikuwa na muda wa kumeza mate tu. Nikasema, "Pacha wake!" Watu wakaruka juu ya viti. Wiki iliyofuata walikuja mara mbili, wote wanamtaka pacha.

Ningewaambia nini? Kwamba kaka yangu, fundi, anayejivunia mashine zake kuliko mtu anavyojivunia watoto, amekosea kuandika moja na mbili? Na picha yetu ilikuwa mbovu kiasi kwamba hata aliyemzaa Ndevu asingejua kama ni mmoja au wawili. Nikanyamaza. Hata uliponipokonya kipaza sauti nilinyamaza. Nilidhani siku moja utaketi ufikirie mwenyewe. Badala yake ukapanda ndege.

Mama bado ananiona nikimkaribia. Nikirudi nyuma hatua tatu, napotea. Ungeitia diski kwenye bahasha ile ya matusi, leo angekuwa anaitazama.

Mdogo wako hata hivyo


21 Agosti

Mdogo wangu,

Sijui nianze na salamu gani, kwa hiyo leo nakuamkia mimi. Shikamoo.

Kanda zililetwa bila majalada. Moja ilikuwa imerudishwa mwanzo, nyingine imeachwa pale ilipoishia. Nikasema, mtu mwenye akili huanza na iliyorudishwa. Sikuzitazama. Niliziandika nimesimama, jenereta linakohoa, nina haraka. Ni hivyo tu, hakuna kingine. Tumenuniana miaka kumi na minne kwa sababu kuna mtu, sijui nani, hakurudisha kanda mwanzo.

Nilikosa nilipoandika. Nikakosa mbele ya watu. Nikakosa tena juzi kuhusu diski, na hili ndilo linaloniuma kuliko yote, kwa sababu yale mawili nilikuwa sijui. Hili nilijua Mama anangoja, nikamfanya angoje.

Diski ni hii, nimehakikisha inakubali deki yoyote. Nimeituma kwa njia ya haraka. Mwekee leo leo.

Kaka yako


15 Septemba

Kaka,

Marahaba. Nimeitikia mara moja tu, usizoee. Na mimi nakuamkia, shikamoo, mambo yarudi mahali pake.

Nikwambie mapema usije ukasoma kwa matumaini. Bahasha ilifika Alhamisi, na jicho lilikuwa limekwenda wiki mbili kabla. Mama anaona mwanga na vivuli, basi. Nilikaa na diski mkononi nikitamani kuivunja. Yeye ndiye aliyesikia karatasi ikichanwa. "Imekuja?" akauliza. Akaenda kuvaa gauni la bluu mwenyewe, kwa kupapasa.

Jumapili nikafunga saluni. Chumba ni kile kile cha banda, unajua, viti vya kunyolea vimekaa palipokuwa mstari wa mbele. Akaja fundi viatu, akaja mwalimu, wakaja wateja wengine watatu wa zamani. Mama nikamweka katikati, mbali na mlango.

Picha haijafika mbali wakaanza kulalamika. Fundi viatu akasema, "Hii mmeifua mpaka mmeitoa utamu." Mwingine akaiona kamba inayomvuta mtu anayeanguka. Mwalimu akasoma saa ya Kofia, eti ni saa nne kasoro dakika tano. Wakaulizana farasi amepata wapi sikio la pili. Nikafoka. Nikawaambia mlizoea kibovu, sasa kizuri kinawawasha.

Mama akasema, "Nyie mna nini? Ndiyo ile ile. Ukungu ule ule."

Hakuna aliyelalamika tena. Kaka, fikiria. Kwa macho yake ya sasa, diski yako inayong'aa iko sawasawa na kanda yetu. Alikuwa anatabasamu, kichwa amekilaza upande kama alivyokuwa akichungulia kutoka mlangoni. Akauliza, "Mbona kimya? Mfasiri kaenda wapi?"

Nikashika brashi ya sabuni, maana bila kitu mkononi sauti haitoki, nikaanza. Mwanzoni ilikwaruza, halafu ikakaa. Kofia akaaga kwao. Ndevu akaiba. Kofia akasukumwa mtoni, na Mama akanishika mkono wa shati. "Hapa ndipo nilipokuwa natoka kufungua mlango," akasema. "Anazama?"

"Subiri, Mama."

"Hicho kivuli ni nani?"

"Kofia. Anatoka majini."

"Amelowa?"

"Chapachapa."

Akaniachia shati, akasema, "Lakini huyu anayetoka majini namjua. Si ndiye tuliyeanza naye kila Jumamosi? Kumbe kabla sijakaa vizuri nilikuwa nimeshaona kwamba hakuzama."

"Ndiyo, Mama."

"Na pacha?"

"Hakukuwa na pacha. Kaka alichanganya kanda. Alikuwa na haraka."

"Ana haraka tangu tumboni," akasema. "Na wewe ukamfichia." Akanipiga kofi dogo begani, sijui ni la kunigombeza au la kunipongeza. Mwalimu akakohoa.

Tukafika mwisho. Kofia anarudi, mama yake yuko mlangoni, kiganja juu ya macho. Usafi wa diski yako umenionyesha nisichowahi kukiona. Yule mwigizaji hamtazami Kofia hata kidogo. Anatazama pembeni kabisa, labda kuna mtu anamwonyesha lini aanze kulia. Zamani, kwa ubovu wa picha, sote tuliapa kwamba macho yao yamekutana.

"Kafika?" Mama akauliza.

"Kafika."

"Mama yake anamwona?"

Kaka, nimetafsiri miaka tisa lugha nisiyoijua bila kukwama hata siku moja. Hapo nilikwama. Halafu nikasema, "Anamwona, Mama. Anamwona vizuri." Mwalimu akanitazama, na safari hii hakusimama.

Watu walipotoka, Mama alibaki kwenye kiti. Akasema, "Kumbe sisi tulikuwa tunamfikisha nyumbani katikati, halafu tunamtoa tena." Nakuandikia wewe, umjibu.

Mdogo wako


10 Oktoba

Mdogo wangu,

Hujambo. Barua hii usiijibu, jibu halitanikuta. Ghalani nimeshaaga, na Daktari wa Mifugo amefanyiwa sherehe ya keki.

Jumanne nilipiga simu saluni. Ukapokea, ukasema, "Kinyozi hapa, karibu," nikakata. Kwa hiyo kiapo nimekivunja mwenyewe. Sauti yako imezeeka, lakini bado inaudhi.

Safari hii sileti diski. Mama mwache akae mlangoni kama anapenda, ila asihangaike na komeo. Nitasimama karibu, penye mwanga, ningoje. Akiuliza hicho kivuli ni nani, kazi ya kutafsiri ni yako. Mwambie nimefika, basi. Usiongeze pacha.

Kaka yako